Somo kwa Vikundi: Tezi Dume, Upara na Chupa za Nguvu za Kiume

Somo la toleo hili ni la wanaume, lakini nawaomba akina mama wasiondoke. Mtaona baadaye kwa nini.

Mzee mmoja wa kikundi ninachokitembelea alikopa shilingi 9,000 kutoka mfuko wa mzunguko. Alisema ni karo ya mjukuu. Kumbe alikwenda nazo sokoni, kwenye lile gari lenye vipaza sauti, akanunua chupa tatu za vidonge. Karatasi ya chupa iliahidi mambo matatu: kuongeza homoni ya kiume, kurudisha nywele kichwani, na kusafisha tezi dume. Yeye shida yake hasa ilikuwa mkojo. Lakini ni nani atasimama mbele ya wenzake na kusema anakopa pesa kwa sababu ya mkojo?

Alimeza vidonge hivyo miezi mitatu. Usiku mmoja mkojo ukafunga kabisa. Tumbo la chini likavimba na kuwa gumu kama ngoma, jasho likamtoka. Jirani alimfikisha hospitali kwa pikipiki, na kila shimo la barabara alilisikia. Muuguzi alimwekea mpira wa mkojo, ikatoka karibu lita nzima. Daktari alipouliza shida imeanza lini, mzee akajibu, "Juzi tu." Mama aliyekuwa amesimama pembeni akamkatiza: "Daktari, mwaka wa pili huu anatoka nje mara tano kila usiku. Mimi nilidhani ni baridi."

Mzee huyo ameniruhusu nieleze habari zake bila jina. Wenzake hawakumfukuza katika kikundi. Waliniambia, wewe dada wa maendeleo, tuletee somo. Basi ndilo hili. Mwanzoni walicheka kidogo, mwanamke kuwafundisha wazee habari za suruali, lakini walipoanza kuhesabu maharagwe kicheko kiliisha.

Somo la maharagwe

Anzeni nalo hili, kabla ya maelezo. Kila mwanaume aliyepita miaka 45 apewe maharagwe makavu 35 mfukoni mwa kulia. Mwenye kuongoza asome maswali saba. Kwa kila swali, mwanaume anahamisha maharagwe kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto, kimya kimya, bila kumwonyesha mtu. Maswali yanahusu mwezi mmoja uliopita. Kama jambo halikutokea kamwe, asihamishe kitu. Kama lilitokea chini ya mara moja katika kila mara tano, harage moja. Chini ya nusu ya mara zote, mawili. Karibu nusu, matatu. Zaidi ya nusu, manne. Karibu kila mara, matano.

Maswali yenyewe ni haya. Je, ulimaliza kukojoa ukahisi kibofu hakijaisha? Je, ulilazimika kwenda tena kabla ya saa mbili kupita? Je, mkojo ulikatika na kuanza tena mara kadhaa? Je, ilikuwa vigumu kuuzuia ulipokubana? Je, ulitoka kwa nguvu hafifu? Je, ulilazimika kusukuma ili uanze? Swali la saba ni tofauti kidogo: usiku wa kawaida, tangu kulala mpaka kuamka, unaamka mara ngapi kwenda kukojoa? Hapo hamisha harage moja kwa kila mara, mwisho matano.

Haya si maswali niliyotunga mimi. Ni kipimo kinachotumiwa na madaktari dunia nzima, kilichotolewa na chama cha madaktari wa mkojo wa Marekani mwaka 1992. Mwenye maharagwe 0 hadi 7 shida yake ni ndogo. Kuanzia 8 hadi 19 ni ya kadiri, na inafaa aonwe na daktari. Kuanzia 20 hadi 35 ni kubwa, asingoje. Lakini sikilizeni vizuri: maharagwe hayatambui saratani. Mtu anaweza kuwa na saratani ya tezi dume na mfuko wake wa kushoto uwe mtupu kabisa. Kinachopimwa hapa ni namna mkojo unavyopita, basi.

Sasa kuhusu akina mama. Katika vikundi viwili nilikofanya somo hili, wanaume walihesabu maharagwe machache kuliko wake zao walivyohesabu mlango kufunguliwa usiku. Swali la saba lijibiwe na mama mwenye nyumba, ndio hesabu iwe ya kweli.

Tezi yenyewe

Tezi dume, ambayo wengine huiita prosteti, iko chini ya kibofu cha mkojo. Kwa kijana ni kama makadamia moja yenye ganda lake, na uzito wake ni karibu gramu 20. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya maji yanayobeba mbegu za kiume. Wanawake hawana tezi hii.

Shida inatokana na mahali ilipo. Njia ya mkojo inapita katikati yake. Chukueni mpira wa kumwagilia bustani, mmoja aushike kwa ngumi bila kukaza, mwingine afungue maji. Halafu yule wa ngumi akaze polepole. Ndivyo ilivyo. Tezi inapokua, inaubana mpira, na kibofu kinalazimika kusukuma kwa nguvu. Kikisukuma hivyo kwa miaka, misuli yake huchoka, mkojo hubaki ndani, maradhi huingia, na hata figo zinaweza kuharibika.

Kukua huku ni jambo la umri. Karibu nusu ya wanaume wanaofikia miaka 60 tezi yao imeanza kukua, na wanaopita miaka 80 ni wengi zaidi sana. Si saratani, na haigeuki kuwa saratani. Wala si matokeo ya uzinzi, wala ya kuwa na wake wengi, wala ya kulogwa. Nasema hivyo kwa sababu haya yote nimeyasikia barazani, na ndiyo yanayowafanya wazee wajifiche.

Saratani ya tezi dume ni ugonjwa mwingine unaokaa katika tezi ile ile. Hapa Kenya ni mojawapo ya saratani zinazowapata wanaume wengi zaidi. Wanaume weusi wamo katika hatari kubwa kuliko wengine, na mwenye baba au ndugu aliyeugua, hatari yake inapanda tena. Mwanzoni haiumi. Ndiyo sababu watu wetu wengi hufika hospitali ikiwa imekwisha kuingia mifupani, wakilalamikia mgongo.

Chupa inayojipinga yenyewe

Rudini kwenye ile karatasi ya chupa: kuongeza homoni, kurudisha nywele, kusafisha tezi. Hebu tuichunguze homoni yenyewe.

Jina lake ni testosteroni. Sehemu kubwa hutengenezwa kwenye korodani. Mfugaji yeyote aliyehasi dume la ng'ombe anaijua kazi yake: maksai hanenepi shingo kama dume, na ukali unapungua. Kwa binadamu ndiyo inayoleta sauti nzito, ndevu, misuli, hamu, na mbegu. Lakini mwilini haibaki hivyo ilivyo. Kuna kimeng'enya kinachoigeuza sehemu yake kuwa homoni kali zaidi, ambayo madaktari huiita kwa ufupi DHT. Na hii DHT ndiyo inayoikuza tezi dume, na ndiyo hiyo hiyo inayosinyaza vifuko vya nywele vya utosini kwa wale waliorithi upara.

Tunajuaje? Mwaka 1941 daktari Charles Huggins wa Chicago alionyesha kwamba saratani ya tezi dume iliyoenea hupungua mgonjwa akinyimwa homoni ya korodani. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Mwaka 1942 mtafiti James Hamilton akaonyesha kwamba wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe hawapati upara. Halafu, katika miaka ya 1970, madaktari walikwenda kijiji cha Salinas huko Jamhuri ya Dominika, ambako kulikuwa na koo zenye wanaume waliozaliwa bila kimeng'enya kile. Testosteroni walikuwa nayo ya kutosha, lakini DHT kidogo sana. Wanaume hao walibaki na tezi ndogo hata walipokomaa, na hawakupata upara. Kutokana na maarifa hayo ikatengenezwa dawa iitwayo finasteridi, inayozuia kimeng'enya hicho. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1992 kwa ajili ya tezi, miligramu 5 kwa siku, na mwaka 1997 kwa ajili ya upara, miligramu 1.

Sasa mnaona ujanja wa chupa. Inaahidi kuongeza homoni, na papo hapo inaahidi kupunguza mambo mawili yanayoletwa na homoni hiyo hiyo. Ni kama mtu akuuzie kuni na kukuahidi kwamba zitapunguza moto. Ama chupa haiongezi homoni yoyote, na hapo umelipia unga. Ama inaiongeza, na hapo haina sababu ya kukurudishia nywele.

Niongeze neno moja ili nisieleweke vibaya. Mwenye upara hana homoni nyingi kuliko jirani yake mwenye nywele. Tofauti ni vifuko vyake vya nywele, vilivyorithi tabia ya kuisikia DHT. Vivyo hivyo tezi kubwa si alama ya mwanaume kupita wengine. Wazee wawili katika kikundi kimoja walitaka kujivunia jambo hilo, nikawakatiza.

Yaliyomo ndani ya chupa

Chupa nyingi za kutoka ng'ambo zimeandikwa Saw Palmetto. Huo ni mti mdogo wa jamii ya mitende unaoota kusini mashariki mwa Marekani, hasa Florida, na matunda yake yametumiwa muda mrefu kwa shida ya mkojo. Ilipimwa kwa uangalifu. Mwaka 2006 ilitolewa taarifa ya wanaume 225 waliofuatwa mwaka mzima: nusu walipewa dawa ya mti huo, nusu vidonge vitupu vinavyofanana nayo, bila mtu kujua nani kapewa nini. Hapakuwa na tofauti. Mwaka 2011 ikatoka taarifa nyingine ya wanaume 369, safari hii kipimo kiliongezwa hata kufikia mara tatu. Tena hakuna tofauti. Haikuwadhuru, lakini haikuwasaidia zaidi ya kidonge kitupu.

Vitamini E na seleni je? Hizo pia zinauzwa kwa jina la kulinda tezi. Utafiti mkubwa ulianza mwaka 2001 ukiwa na wanaume zaidi ya 35,000 huko Marekani, Canada na Puerto Rico. Ulisimamishwa mwaka 2008 kwa kuwa faida haikuonekana. Mwaka 2011, walipoendelea kuwafuatilia, ikaonekana kwamba wale waliomeza vitamini E peke yake walipata saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi ya waliomeza vidonge vitupu. Vitamini hii ya chakula, ile ya mboga, karanga na mafuta, haina neno. Ni kidonge chenye nguvu nyingi kila siku kinachozungumziwa hapa.

Kuna hatari nyingine, na hii ndiyo inayoniogopesha. Watafiti walipokusanya maonyo ya mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ya mwaka 2007 hadi 2016, walikuta bidhaa 776 zilizouzwa kama virutubisho huku zikiwa zimetiwa dawa za hospitali kwa siri. Karibu nusu zilikuwa za nguvu za kiume, na nyingi kati ya hizo zilitiwa sildenafili au ndugu zake. Ndiyo sababu mtu anasema, "Ile mitishamba inafanya kazi kweli, nusu saa tu!" Hakuna mzizi wa nusu saa. Mtu mwenye ugonjwa wa moyo anayetumia dawa za jamii ya naitreti akimeza kitu hicho bila kujua, presha yake inaweza kushuka ghafla na akafa.

Na sindano au mafuta ya testosteroni halisi? Hizo ni dawa, zina wagonjwa wake, wale ambao damu yao imepimwa asubuhi zaidi ya mara moja ikaonekana wamepungukiwa kweli. Kijana anayezitumia ili apate kifua kipana ajue hili: ubongo ukiona homoni imetoka nje, huiamuru korodani ipumzike. Korodani husinyaa, na mbegu hupungua hata zikaisha. Vijana wengine wamekwenda kliniki kulalamika kwamba mke hapati mimba, kumbe chanzo ni sindano ya misuli.

Kuhusu mukombero wetu wa upande wa magharibi, sitaudharau. Mzizi huo una ladha tamu, wazee wa Kakamega wanautafuna wakipiga gumzo, na unauzwa hata Nairobi. Umechunguzwa zaidi kwa panya kuliko kwa watu. Kuutafuna kwa starehe ni sawa. Kuutegemea kwa mkojo uliofunga ni jambo jingine.

Kinachoinua homoni bila chupa kinajulikana, ila hakina gari la vipaza sauti. Ni usingizi wa kutosha, kupunguza kitambi, kupunguza pombe, na kutibu kisukari. Mwanaume ambaye nguvu zimepungua chumbani, kabla ya kulaumu homoni au mke, apimwe sukari na presha. Mishipa ya damu ya sehemu hiyo ni myembamba, na mara nyingi huonyesha ubovu miaka kadhaa kabla ya moyo. Nimemwona mtu aliyegunduliwa kisukari kwa njia hiyo, baada ya kupeleka pesa kwa waganga watatu.

Nywele

Hapa nitakuwa mfupi, maana upara hauui mtu. Upara wa kurithi, unaoanza kwenye paji na utosini, si ugonjwa. Finasteridi inaweza kuupunguza, na mafuta ya minoksidili pia, lakini ukiacha kutumia nywele zinakwenda tena. Vidonge vya biotini vinawafaa wachache sana waliopungukiwa nayo, na vinaweza kuvuruga majibu ya vipimo vya damu, kwa hiyo mwambie mpimaji kama unavimeza. Mwenye kutumia finasteridi amwambie daktari pia, kwa sababu hupunguza kipimo cha PSA karibu nusu, na saratani inaweza kujificha nyuma ya namba nzuri. Halafu akina mama wajawazito wasishike kidonge cha finasteridi kilichovunjika au kusagwa. Kinaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni.

Lakini mabaka yanayowasha na kutoa magamba, hasa kwa watoto, ni mapunye, yanahitaji dawa ya kumeza. Na vipele vigumu vya kisogoni vinavyoota baada ya kunyoa, vinaongezwa na mashine inayogusa ngozi. Mwambie kinyozi aache nywele fupi kidogo, na uonwe kabla havijawa makovu.

Ukienda hospitali

Watu huogopa kidole. Nitasema wazi: daktari anavaa glavu, anatia mafuta, anaigusa tezi kupitia njia ya haja kubwa, na haichukui hata dakika moja. Haiondoi uanaume wa mtu. Kuna pia kipimo cha damu cha PSA. Hicho hupanda kwa saratani, lakini hupanda pia kwa tezi iliyokua tu au yenye maambukizi, kwa hiyo namba ikipanda si hukumu ya kifo. Kwa mwanaume mweusi, madaktari wengi hushauri mazungumzo kuhusu kipimo hiki yaanze katika miaka ya 40, na mapema zaidi kwa mwenye ndugu aliyeugua.

Kama ni tezi iliyokua tu, dawa zipo. Ziko zinazolegeza misuli ya shingo ya kibofu, kwa mfano tamsulosini. Hizi husaidia ndani ya siku chache, ila zinaweza kukupa kizunguzungu ukiinuka haraka, basi inuka polepole. Finasteridi husinyaza tezi, lakini huchukua miezi sita hivi, na kwa wengine hupunguza hamu. Dawa zikishindwa, kuna upasuaji unaopitia njia ile ile ya mkojo, bila kupasua tumbo. Baada yake mbegu mara nyingi hurudi kibofuni badala ya kutoka nje. Mwulizeni daktari mapema, msije mkashangaa.

Usingoje siku ya kliniki ukiona mkojo umefunga kabisa, au una damu, au una homa na baridi pamoja na maumivu ya kukojoa, au mgongo unauma huku miguu inaishiwa nguvu. Hiyo ya mwisho ni ya kukimbia nayo usiku huo huo. Na mwenye tezi kubwa awe mwangalifu na dawa za mafua za dukani, zile za kukausha pua. Baadhi yake hufunga mkojo. Mzee wetu wa chupa tatu, kumbe wiki ile alikuwa na mafua na alikuwa akimeza hizo pia.

Bima ya SHA ilichukua nafasi ya NHIF mwaka 2024. Kila mwanakikundi ahakikishe amejiandikisha na anajua hospitali ipi inampokea, kabla ya usiku wa pikipiki.

Mwiria, mti wetu wenyewe

Nimeuacha mwisho kwa sababu una mambo mengi, na kwa sababu unatuhusu. Kuna mti mmoja wa milimani ambao magome yake yalipimwa kwa watu na kuonyesha faida fulani. Wameru wanauita mwiria, Wakikuyu muiri, Waluhya mwiritsa, Wakalenjin tendwet. Jina la kitaalamu ni Prunus africana. Uko Mlima Kenya, uko Aberdare, uko Kakamega. Majani yake yakisuguliwa hunuka kama lozi.

Ufaransa wametengeneza dawa ya tezi kutokana na magome haya tangu miaka ya 1970, na magome yalitoka Kameruni, Madagaska, na hapa kwetu. Mwaka 2002 wataalamu walikusanya majaribio 18 yenye wanaume zaidi ya 1,500. Waliomeza dawa hiyo waliamka usiku kwa asilimia 19 pungufu, na mkojo uliobaki kibofuni ulipungua kwa asilimia 24. Majaribio mengi yalikuwa madogo na ya miezi michache, na dawa haikuthibitishwa kuzuia saratani wala kufunga kwa mkojo. Ni nafuu, si tiba.

Mtu atasema, basi nitachemsha magome nyumbani. Si kitu kile kile. Sehemu inayodhaniwa kufanya kazi ni ya mafuta, haitoki vizuri kwa maji, na kiwandani huitoa kwa kemikali maalumu na kuipima, miligramu 100 kwa siku. Katika sufuria hujui unakunywa nini wala kiasi gani.

Jambo jingine ni kwamba mti wenyewe uliisha kwa kasi. Wanunuzi walipokuja, watu walichuna gome kuzunguka shina lote, na mti uliochunwa hivyo hufa. Wengine waliukata kabisa ili wafikie matawi. Tangu mwaka 1995 biashara ya mwiria kati ya nchi na nchi inasimamiwa na mkataba wa kimataifa wa CITES, na hakuna kusafirisha gome bila kibali. Anayekuja kijijini kununua magunia usiku, mwulizeni karatasi zake. Na gome la msitu wa serikali si mali ya kikundi, hata kama babu zetu walilichuna.

Kikundi chenye kitalu kinaweza kuupanda shambani. Unapenda nchi ya juu yenye mvua. Matunda huvunwa yakiwa yamegeuka zambarau, nyama inaondolewa, mbegu zinaoshwa na kukaushwa kivulini. Usiziweke akiba kwenye mkebe kama mbegu za maharagwe, maana hupoteza uhai haraka. Zipandwe zikiwa bado mbichi, na zitaota baada ya mwezi mmoja hadi miwili. Pelekeni miche shambani mvua zikianza, mipakani au kati ya kahawa, na muilinde na mbuzi. Gome halifai kuguswa kabla ya miaka 12 hadi 15, shina likiwa limefikia upana wa sentimita 30. Hapo huchunwa robo mbili tu zinazotazamana, bila kukwaruza mti mweupe wa ndani, na zile robo nyingine mbili huachwa miaka kadhaa mpaka gome jipya lijifunge. Wakati huo wote nyuki wanapata maua, na ndege wanapata matunda.